Mti usiotaka kuinama

Ukitaka kupima uvumilivu wa mtunza bonsai, ile miti inayolelewa ikiwa midogo ndani ya chungu, usimpime kwa mti wake uliosimama wima. Mwombe akuonyeshe mti wa mtindo wa kulia machozi, ule ambao matawi yake yote yanapanda kidogo kisha yanashuka hadi karibu na ukingo wa chungu. Unaonekana kana kwamba umeachwa ujiendee wenyewe, na ndio unaodai mkono wa mtu kuliko mingine yote. Uache bila kuugusa mwezi mmoja wa mvua, hautakuwa unalia tena: kila ncha itakuwa imegeuka na kutazama juu.

Mimi naufanyia kazi hapa Lubumbashi, kwenye lupango letu, yaani kiwanja cha nyumba, juu ya meza ya mbao nyuma ya jiko. Mti wenyewe ni kalistemoni, Callistemon viminalis kwa jina la kitaalamu, ingawa wataalamu wengi siku hizi wanaiweka katika ukoo wa Melaleuca. Asili yake ni mashariki ya Australia, kandokando ya vijito. Kama umetembea kwenye mitaa ya zamani ya mji huu umeshauona: majani membamba yanayotoa harufu ukiyasugua vidoleni, na maua ambayo si petali bali ni nyuzi nyekundu tupu zilizozunguka kitawi, ambapo ndege chozi huja kufyonza asubuhi hata magari yakiwa yanapiga honi chini yake.

Kalistemoni mkubwa huinamisha vitawi vyake wenyewe, kwa sababu ni virefu, vyembamba, na vimebeba majani na maua. Mtu atasema basi kazi imeshafanywa nusu. Haijafanywa. Ndani ya chungu kitawi ni kifupi na hakina uzito wa kukishusha, kwa hiyo kinafanya kinachofanywa na kila kitawi kichanga duniani: kinapanda.

Wajapani, walioipokea sanaa hii kutoka China na kuifikisha hapo ilipo, wakitaka mti wa kulia huchukua tamariski au mwerebi. Huo mwerebi wa kulia, Salix babylonica, ulipata jina lake kwa sababu ya Zaburi ya 137. Linnaeus, yule Mswidi wa karne ya 18 aliyeipa mimea majina ya Kilatini, aliamini kwamba ndio mti ambao mateka wa Israeli walitundika vinubi vyao kando ya mito ya Babeli. Kumbe mwerebi huo ni wa China. Waimbaji wa kwaya zetu wanaweza kuendelea kuimba bila wasiwasi, zaburi ya Kiswahili inasema miti tu. Mimi sikuuchukua mwerebi kwa sababu ya kiu yake tu. Ndani ya chungu kidogo unataka maji asubuhi na jioni, na wengine hukikalisha chungu kizima ndani ya beseni la maji. Hapa kwetu mwezi wa kumi joto liko kileleni, mvua bado inasitasita, na bomba likikauka siku mbili utachagua kati ya mti na chai ya watoto. Kalistemoni nayo inapenda maji, lakini inajua kusubiri.

Tuseme kidogo kwa nini mti unakataa, maana asiyejua hilo atapigana nao bure. Ndani ya seli za chipukizi kuna punje za wanga ambazo ni nzito na hutua upande wa chini. Ukililaza tawi, punje zinahama, homoni ya ukuaji iitwayo auksini inakusanyika zaidi upande wa chini, seli za huko zinarefuka kupita za juu, na ncha inapinda kurudi juu. Hilo ni la ncha laini. Tawi lililokwisha kukomaa lina njia nyingine: miti ya majani mapana hujenga upande wa juu wa tawi lililoinamishwa mbao ya namna ya pekee, ambayo hujivuta kadiri inavyokomaa, na tawi linanyanyuliwa polepole na mbao yake lenyewe. Msonobari hufanya kinyume, hujenga upande wa chini na kusukuma. Kwa vyovyote, unashindana na kitu chenye subira kuliko wewe.

Na kuna la nguvu. Tawi ukilikunja likawa upinde, jicho la chipukizi lililo kileleni mwa upinde ndilo sasa liko juu kuliko yote, nalo linaamka na kurusha chipukizi lililonyooka. Ncha inayoning'inia chini inanyimwa chakula, inadhoofu, majani yanapungua, na mwisho inakauka. Ndiyo maana bonsai nyingi za kulia zinazoonekana kwenye picha zikiwa nzuri, mwaka wa pili hazionekani tena. Mwenyewe alishusha matawi akafurahi, akasahau kuyatoa machipukizi ya mgongoni. Kazi hiyo haina ufundi wowote: unapita na kidole gumba kila baada ya siku chache na kuyasugua yatoke yakiwa bado laini. Lakini usipoifanya, kila kitu kingine ni bure.

Sasa waya, na hapa mtu wa Lubumbashi ana la kusema.

Mji huu ulizaliwa na shaba. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka uliofuata tanuri la kuyeyushia likaanza kumimina. Dohani na mlima wa mabaki meusi bado vinaonekana toka mbali. Kabla ya hapo, karne nyingi kabla Mzungu hajafika, mafundi wa nchi hii walikuwa wanayeyusha shaba na kuimimina katika umbo la misalaba midogo, na misalaba hiyo imepatikana makaburini katika bonde la Upemba. Jimbo lenyewe, Katanga, liliitwa Shaba toka 1971 hadi 1997. Leo mabamba ya shaba safi yanapita kwenye malori kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana, halafu unaingia dukani mjini kutafuta mita kumi za waya, unaambiwa zimetoka ng'ambo. Inawezekana kabisa kwamba shaba ninayoivisha mti wangu ilichimbwa karibu na hapa, ikazunguka dunia, ikarudi na bei mpya. Nalitaja hilo kila ninapolipa. Muuza duka ameshalizoea.

Kwingineko watu wengi huanza na waya ya alumini iliyotiwa rangi ya kahawia. Ni laini, inasamehe, unaweza kuifungua na kuitumia tena. Hapa sijaikuta dukani, na sioni hasara. Alumini lazima iwe nene ndipo ishike tawi, na kwenye mti wa kulia wenye vitawi vingi vyembamba, unene huo unafunika kila kitu. Shaba nyembamba inashika tawi lile lile, na baada ya miezi michache inafifia rangi ikafanana na gome.

Kinachotakiwa ni waya ya uzi mmoja, si ile ya nyuzi nyingi. Mafundi umeme wanaofunga nyumba wanabaki na vipande, na wanakuuzia kwa bei ya maelewano. Watakuuliza unataka ya 1.5 au ya 2.5, na nambari hizo zimewachanganya watu wengi, kwa sababu si unene. Ni eneo la mkato wa waya kwa milimita za mraba. Ya 1.5 ina unene wa karibu milimita 1.4, ya 2.5 karibu 1.8, ya 4 karibu 2.3, ya 6 karibu 2.8. Kwa kalistemoni ya ukubwa wa meza, hizo mbili za kwanza zinatosha karibu kila mahali. Kwa vitawi vya mwisho kabisa, nenda kwa wale wanaofunga upya mota zilizoungua. Waya wanayoitoa ndani ya mota imepakwa vanishi, ni nyembamba, na fundi anaitupa kwenye ndoo akisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Kanuni ya kawaida ni waya iwe theluthi ya unene wa tawi. Mimi kwa shaba huwa nashuka chini ya hapo.

Waya ikitoka dukani ni ngumu, au imekuwa ngumu kwa kupindwapindwa. Lazima ipikwe. Plastiki unaimenya kwa kisu, na tafadhali usiichome. Najua ndivyo inavyofanywa na vijana wanaouza shaba kwa kilo, na moshi wake wote tunaujua, unakaba koo na kuwasha macho. Ni sumu, kazi ya mti wako isianze na hilo. Waya ikishakuwa tupu, izungushe iwe duara legevu, na usubiri jioni. Jioni ina sababu: mchana huwezi kuiona rangi. Washa mbabula, yaani jiko la makaa, acha makala (ndiyo makaa kwetu) yawake hadi moto wa ndimi uishe yabaki mekundu tu, kisha laza duara juu yake. Waya inapita kwenye rangi za ajabu, zambarau na bluu kidogo, halafu inakuwa nyeusi, unadhani imeharibika. Endelea kuitazama. Ikianza kuwa na wekundu hafifu, ule unaoonekana gizani tu, itoe kwa koleo. Usipepee makala wakati huo. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, na makala yakipepewa vizuri yanaufikia moto huo. Wale waliomimina misalaba hawakuwa na kingine zaidi ya makala, mivukuto na pumzi.

Ukiitumbukiza kwenye ndoo ya maji inapiga kelele, magamba meusi yanabanduka, na chini yake waya inatoka na rangi ya waridi. Fundi wa chuma atakuonya kwamba maji yataifanya ngumu. Kwa chuma cha shoka au kisu ana haki, kwa shaba hapana: inabaki laini hata ukiipoza ghafla. Shika mwisho mmoja wa waya iliyopikwa vizuri, ule mwisho mwingine unashuka wenyewe. Toka hapo usiichezee. Kila mpindo unaigandisha, na huo ugumu unauhitaji waya ikiwa tayari imezunguka tawi, si kabla. Ndiyo siri ya shaba nzima: inaingia ikiwa laini, na kitendo cha kuikunja pamoja na tawi ndicho kinachoifanya ikaze.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, lakini chipukizi la kalistemoni likiwa bichi mno halikunjiki. Likiwa bado na rangi ya waridi na vinyweleo vyake laini, linang'oka penye shina kwa mlio mdogo na huna la kulirudisha. Likikomaa mno, gome linapasuka kwa nje. Wakati wake ni pale kijani kinapoanza kugeuka kahawia kutokea chini, huku ncha bado ni changa. Siku moja kabla usimwagilie. Tawi lenye kiu kidogo linalegea, lililoshiba maji linavunjika.

Waya moja inahudumia matawi mawili, na katikati yake inazunguka shina walau mara moja kamili. Hapo ndipo inapopata mshiko. Waya isiyo na mshiko inapambia tu. Kwa kuwa tawi linakwenda chini, waya inatoka kwenye shina ikipita juu ya tawi, ili mzunguko wa kwanza ulale upande wa nje wa mkunjo, pale gome linapotaka kupasuka. Kisha unaendelea kwa mshazari wa nyuzi 45. Ukiibana zaidi ya hapo inakuwa springi, ukiiachanisha zaidi haishiki. Mkono wa kushoto unashikilia sehemu iliyokwisha kuzungushwa isitikisike, wa kulia unaongoza waya, na kila jani linalotaka kunaswa chini yake unalinyanyua kwa ukucha. Jani moja baada ya jingine. Hapa ndipo redio inapohitajika.

Ukimaliza tawi zima ndipo unalikunja, si kabla. Gumba mbili zinaegemea upande wa ndani wa mkunjo, vidole vinavuta nje, na unakwenda kidogo kidogo. Sikio linafanya kazi kuliko jicho. Tawi likilia mara moja, acha, nenda ukafanye jingine, rudi baadaye.

Umbo lenyewe linakosewa na wengi. Wanalivuta tawi chini toka penye shina, na matokeo yake ni tawi lililovunjika, si mti unaolia. Tawi linatakiwa lipande kwanza likitoka kwenye shina, ndipo liegeme na kushuka, kama maji yanavyoruka kwenye bomba lililopasuka. Tawi la kwanza lianzie juu kuliko kwenye mitindo mingine, nusu ya shina au zaidi, ili matawi yapate nafasi ya kuanguka. Shina liwe nene, la sivyo mti mzima unaonekana umelemewa. Na ncha zisiishie usawa mmoja. Naziona picha za miti iliyonyolewa chini kwa mstari, inanikera, maana hakuna mti wa porini uliowahi kukubaliana na wenzake urefu.

Kuna mtego mmoja zaidi. Tawi ambalo bado unataka linenepe, usilishushe hadi mwisho. Lishushe katikati, acha ncha yake itazame juu kwa msimu mzima. Linaonekana vibaya, ndiyo, lakini ncha inayotazama juu ndiyo inayovuta nguvu, na tawi linanenepa. Ukiridhika na unene, ndipo unaivisha waya hadi sentimita ya mwisho na kuishusha. Mti wangu sasa hivi una matawi ya aina zote mbili, na wageni wanadhani nimechoka katikati ya kazi.

Wageni, kwa kweli, wana maoni mengi. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu, alisimama mbele ya meza na kuuliza: "Baba, huu muti iko unalilia nani?" Kwake kichwa kilichoinama namna ile kiko kwenye kilio, na mtu hawezi kukialika kilio nyumbani kwake. Nikamwambia, Mama, haulii mtu, tumeufundisha tu. Hakuridhika. Mwanawe, kijana wa gereji, alikuwa na mawazo ya vitendo zaidi: kwa nini nahangaika na waya wakati naweza kutundika nati za lori kwenye ncha, uzito ufanye kazi? Wengi hujaribu njia hiyo. Shida yake ni kwamba uzito unavuta mahali pamoja, tawi linakunjika mahali pamoja, na kuanzia hapo linashuka likiwa limenyooka kama limechorwa kwa rula. Upepo ukija, nati zinayumba na kulitingisha tawi penye kiungo. Kwa tawi nene lisilokubali waya, afadhali kamba iliyofungwa kwenye ukingo wa chungu, na pale kamba inapogusa gome weka kipande cha mpira wa baiskeli.

Kwa upande wa msimu, hapa tuna bahati na balaa kwa pamoja. Tawi linashika umbo jipya kwa sababu linajenga mbao mpya juu ya mkunjo. Bila kukua hakuna kushika. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiwa kali usiku na mvua hakuna, waya inakaa tu bila kufanya kitu. Mvua zikifunguka kuelekea mwezi wa kumi na moja, mti unakimbia, na waya iliyokaa vizuri Jumatatu inaweza kuwa imeanza kuingia kwenye gome wiki chache baadaye. Makovu ya waya kwenye kalistemoni yanakaa miaka. Kwa hiyo pitisha jicho kila wiki, hasa penye unene karibu na shina. Kuitoa, usiifungue kwa kuizungusha nyuma, shaba imeshakaza na itabeba tawi nayo. Ikate mzunguko kwa mzunguko kwa koleo la kukatia. Tawi likirudi juu kidogo, livishe tena waya, ila upitishe njia nyingine. Vipande vya shaba navijaza kwenye kopo, na kopo likijaa lina mnunuzi wake kwa kilo.

Udongo nausema kwa kifupi, maana unastahili makala yake. Matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa, vipande vya makala ya jiko, mboji kidogo. Watu watakushauri udongo wa kichuguu kwa sababu mahindi yanaupenda. Vichuguu vyetu vina chokaa, na kalistemoni ikikaa kwenye chokaa majani yanakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Yamebaki maua. Ua la kalistemoni linakaa karibu na ncha, na kitawi kinaendelea kukua mbele yake, kikiacha nyuma vidonge vigumu vya mbegu vilivyogandana na mti kwa miaka. Usipokata mara baada ya kuchanua, tawi linakuwa refu na tupu, majani mwishoni tu. Wapo wanaosema mti wa kulia usiachwe uchanue kamwe, kwa kuwa ncha zake tayari ni dhaifu. Mimi naona uzito wa maua kwenye ncha unaisaidia waya, na sikubali kulea kalistemoni bila kuona wekundu wake. Msimu huu matawi ya upande wa kushoto nitayaacha yafungue, ya kulia nitayakata tumba zikianza kuonekana. Mwezi wa tatu nitalinganisha ni upande gani umetoa macho mapya karibu na shina, na huo ndio nitakaoufuata mwaka ujao.